Ukitaka rangi nzuri ya siklidi, anza na jike

Wengi wanaokuja kwangu hapa Moshi kutafuta siklidi, wale samaki wa rangi wa kufuga tangini, husimama mbele ya madume tu. "Mangi, nifungie yule wa bluu, na kajike kokote ka kumwekea." Dume anachaguliwa nusu saa, anapigwa picha, anajadiliwa kwa simu na watu wa nyumbani. Jike ni yeyote aliyewahi kuingia kwenye wavu. Miezi kadhaa baadaye simu inaita: watoto wametoka bluu ya kupauka, wengine kijivu kabisa, na lawama zote anabebeshwa dume.

Nazungumzia zaidi aulonocara, wale siklidi wa Ziwa Nyasa ambao madume yao hung'aa bluu, njano au nyekundu, huku majike yakiwa ya kijivu yenye mistari hafifu. Kila mtoto huchukua nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama. Jeni za bluu ile inayokuvutia kwa dume, jike naye anazo. Zimelala tu, kwa sababu kinachoziamsha ni homoni ya kiume. Wauzaji wasio waaminifu wanalijua hilo vizuri: huwalisha watoto chakula chenye methiltestosteroni, yaani homoni ya kiume ya kutengenezwa, na tangi zima linawaka, majike kwa madume, wakiwa na sentimita tatu tu. Ukiwafikisha nyumbani ukawapa chakula cha kawaida, rangi inaanza kuyeyuka. Dume wa kawaida huanza kuonyesha rangi yake akikaribia sentimita tano hadi saba, na huchukua muda zaidi kukamilika. Kwa hiyo ukikuta vitoto vyenye rangi ya mtu mzima, endelea na safari yako.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kibosho na Machame hawahitaji somo hili. Fahali hakamuliwi, lakini mtu anayetaka mbegu ya uhimilishaji kutoka kituo cha Usa River atauliza kwanza mama wa huyo fahali alitoa lita ngapi, na mabinti zake wanatoa ngapi. Jike wa aulonocara mpime vivyo hivyo: watazame kaka zake, na ukiwa na subira, watazame wanawe wa kiume.

Kwa vitendo, usinunue jozi. Nunua kikundi cha watoto wa uzao mmoja, sita hadi kumi, uwakuze pamoja. Madume wakishatoka rangi, utajua dada zao wamebeba nini. Ukipata uzao ambao kaka karibu wote ni wazuri, majike wa humo ni mali. Uzao wenye dume mmoja anayetisha kwa uzuri na kaka watano waliofifia unanipa mashaka, hata kama huyo mmoja ndiye anayepigwa picha na kila mgeni.

Ila kabla hujawahukumu hao kaka, kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni ubabe. Kwenye tangi, dume mkubwa huwakandamiza wengine, na wanaokandamizwa huficha rangi ili wasipigwe. Wengine hujifanya majike kabisa. Nimewahi kuletewa "jike asiyezaa", nikampindua mkononi, mkono ukiwa umelowa: vile vitundu viwili vya chini vilikuwa na ukubwa sawa. Huyo alikuwa dume. Jike tundu lake la mayai huwa kubwa waziwazi kuliko la haja. Dume unayetaka kumpima mtenge kwa kioo au wavu, mpe wiki mbili tatu bila mbabe mbele yake, ndipo umwangalie.

Wa pili ni chakula. Wekundu na unjano mwingi wa samaki hutokana na karotenoidi, rangi asilia zilizomo kwenye chakula, na hizo samaki hawezi kuzitengeneza mwenyewe, lazima azile. Ndugu wawili wenye jeni zilezile, mmoja akila unga wa dona na mwingine akila uduvi, utaapa kwamba ni koo mbili tofauti. Mimi hununua uduvi soko la Mbuyuni, nawaosha kutoa chumvi na mchanga, nawaanika, nawasaga na kuchanganya kwenye chakula. Ni wale wale wa mboga, na bei yao haifanani hata kidogo na kopo la chakula cha kuongeza rangi. Walishe wote sawa kwanza, ndipo ulinganishe.

Bluu haimo kwenye hesabu hiyo. Aulonocara hana rangi ya bluu mwilini kama tunavyodhani. Ana seli zenye vijiwe vyembamba vinavyorudisha mwanga wa bluu, na nyuma yake kuna tabaka jeusi linalomeza mwanga uliobaki. Bluu iliyopauka haitibiwi kwa uduvi. Na ndiyo maana albino wa ukoo wa bluu huwa wa waridi au mweupe wenye mng'ao tu: weusi wa nyuma umeondoka, bluu haina pa kusimama.

Kwa kuwa nimemtaja albino, tumalizane naye. Ualbino wa samaki hawa hujificha. Mtoto lazima aupate kwa baba na kwa mama. Albino ukimpandisha kwa samaki wa kawaida asiyeubeba, watoto wote watakuwa wa kawaida, na hapo watu hukata tamaa na kuwauza. Wote hao wamebeba. Wapandishe wao kwa wao, na kwa wastani mmoja kati ya wanne atakuwa albino. Mrudishe binti kwa baba albino, utapata nusu kwa nusu. Usifanye hivyo vizazi na vizazi, maana migongo itaanza kupinda na midomo kukaa upande. Tafuta damu nyingine ya ukoo uleule kwa mfugaji mwenzako.

Madoa ya chungwa na meusi, wale wanaoitwa OB, ni habari nyingine, na ndiyo rangi ninayompa anayeanza, kwa sababu hapa jike haifichi. Jeni yake inatawala: nakala moja inatosha, na unaiona kwa majike na madume. Asili yake ni mbuna, siklidi wa miambani wa Ziwa Nyasa, na aulonocara wa madoa tunaowauza ni chotara waliotokana na kuchanganywa na mbuna hao. Mwaka 2009 watafiti Roberts, Ser na Kocher walionyesha kwamba madoa hayo yanahusiana na jeni iitwayo pax7, na kwamba ziwani yanakaa jirani na jeni inayomfanya samaki awe jike. Ndiyo maana kule wenye madoa karibu wote ni majike. Kwa jike madoa ni maficho mazuri kwenye mawe, kwa dume yanaharibu rangi ya kuposea. Kwenye tangi, mwenye madoa aliyebeba nakala moja ukimpandisha kwa asiye na madoa, tegemea nusu ya watoto wawe nayo. Ni wastani, si ahadi. Uzao mdogo unaweza kukupa kumi na tano kwa tisa. Wala usihangaike kuchagua doa limekaa wapi. Ndugu wa uzao mmoja hawafanani madoa.

Sasa swali ninaloulizwa kuliko yote: nikichanganya wa bluu na wa njano, aina mbili tofauti, si nitapata rangi mpya? Utapata. Siklidi wengi wa Nyasa huzaliana, na chotara wao huzaa. Kizazi cha kwanza hutoka kinafanana, mara nyingi kizuri, na watu hukimbilia kukipa jina la biashara. Tabu inakuja kizazi cha pili, jeni zinapotawanyika. Rangi ya babu ikitegemea jeni moja iliyojificha, mmoja kati ya wanne atairudisha. Zikiwa tatu, ni mmoja kati ya 64. Zikiwa nne, ni mmoja kati ya 256. Jike hubeba mayai mdomoni kama wiki tatu, akatoa watoto ishirini au thelathini. Nusu yao ni majike ambao hawatakuonyesha chochote. Piga hesabu ya matangi, hita na umeme wa Julai, ndipo uniambie kama bado unataka. Ushauri wangu ni kuchanganya koo mbili za aina moja, na ukishachanganya, mrudishe chotara upande mmoja, ule wenye rangi unayoitaka zaidi.

Jambo dogo kuhusu taa. Zile za kubadilika rangi, nyekundu mara bluu, zinapendeza sebuleni, lakini kama umeweka aina zaidi ya moja pamoja, zinakuletea chotara usiowataka. Kwa furu, siklidi wa Ziwa Viktoria, mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba majike hutenganisha aina kwa kutazama rangi za madume, na maji yakichafuka hadi rangi zisionekane, mchanganyiko unaanza. Mmoja wa furu hao ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu. Taa inayofuta rangi hufanya kazi ileile ya tope. Weka nyeupe.

Chotara watakuzidi, hilo lijue mapema. Muuze kwa jina la chotara na umwambie mnunuzi alichobeba. Wanaobaki wasiende mtoni. Rau na Karanga zinashuka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na bonde hili la Pangani lina perege wake wa asili. Yule wa Ziwa Chala, Oreochromis hunteri, asili yake ni ziwa hilo peke yake. Sato aliyeletwa kwa ajili ya mabwawa tayari amezaliana na perege wa asili sehemu mbalimbali za Tanzania, na hakuna wavu wa kwenda kuwatenganisha. Kama huna mnunuzi wala nafasi, mtoe jike mayai mdomoni mapema kabla hajatapika watoto, au waache watoto kwenye tangi la wakubwa. Watajua la kufanya nao.