Dola milioni 15 kwa mipira 35?

SWALI: Mzee, salamu kutoka Arua. Naendesha boda. Mwenzangu stejini anasema Baltimore Ravens, timu ya futiboli ya Marekani, walipoteza pesa bure kumsajili mdakaji Odell Beckham mwaka 2023, akiwa mchezaji huru asiye na timu. Mimi nakataa. Nani mkweli?

JIBU: Zimefika, kijana wangu. Mwenzako ana hesabu upande wake. Mkataba wa mwaka mmoja, dola milioni 15 za uhakika, na msimu mzima akadaka mipira 35, yadi 565. Zay Flowers, mgeni aliyetoka chuoni, alidaka 77! Tena Beckham hakucheza mwaka 2022 wote, goti. Ni kununua pikipiki iliyolala gereji kwa bei ya mpya.

Ila tazama tarehe. Alisajiliwa Aprili, wakati Lamar Jackson, mrushaji wao, ameshaomba hadharani kuondoka. Wiki chache baadaye Jackson akakubali mkataba wa miaka mitano kubaki. Naona pesa ile ilinunua moyo wa Jackson pia. Wakashinda mechi 13 kati ya 17, wakakwama kwa timu ya Chiefs, hatua moja kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi. (Nilikesha, chai ikapoa.)

Mimi ningempa nusu. Beckham angekataa, na mwenzako angekosa la kukutania stejini.