Kompyuta ya mezani isiyopiga kelele: nilivyoiunga, na hela niliyopoteza kabla ya hapo

Mkuu, umesema unataka kuunga kompyuta ya mezani nyumbani ili urekodi sauti usiku bila mvumo kuingia kwenye maiki. Umeuliza kama milioni yako moja na kidogo uiweke kwenye kasha lililobandikwa sponji ndani au kwenye kipoza-joto cha maji. Jibu fupi: usiiweke kokote kati ya hivyo viwili. Jibu refu ni hili hapa chini, chota maji ukae, maana swali hilo nililijibu kwa hela yangu mwenyewe karibu miaka mitatu.

Mimi narekodi sauti za matangazo na za masomo ya video. Chumba changu kipo Tabata, bati juu, pangaboi katikati, dirisha linatazama uani kwa jirani anayefuga kuku. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa mtumba, zile za maofisini zinazoshushwa kwa makontena, nyembamba kama begi la shule. Kwa kuandika barua haina neno. Ila ukianza kusafisha sauti, kifeni chake cha sentimita nane kinapiga kelele kama mashine ya kunyolea. Wateja wawili walinirudishia kazi wakidai kuna "mvua" nyuma ya sauti.

Kosa la kwanza nililofanya ndilo unalotaka kulilipia wewe. Nilinunua sponji ya godoro, nikaikata vipande, nikaibandika ndani ya kasha pande zote. Siku ya kwanza niliona nimeshinda. Siku ya tatu mashine ikawa inazunguka kwa kasi kuliko zamani, kwa sababu joto lilikosa pa kutokea na kifeni kikaongeza bidii. Sponji hupunguza sauti nyembamba kidogo, lakini joto haipunguzi hata chembe, na joto ndilo linaloipigisha feni kelele. Isitoshe sponji ya godoro inashika moto upesi. Niliibandua yote, gundi ikabaki hadi leo.

Hapa ndipo sisi wa pwani tunapotofautiana na watu wa video za ughaibuni. Wao hujaribu vifaa kwenye chumba cha nyuzi 20 au 21. Mimi usiku wa Februari nikizima pangaboi na kufunga dirisha ili nirekodi, baada ya dakika 20 chumba kina nyuzi 31. Kipoza-joto hakiwezi kuishusha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, chini ya joto la chumba. Kinachofanya ni kuamua itapanda nyuzi ngapi juu ya hapo. Kwa hiyo prosesa inayokaa nyuzi 60 kwao, kwangu itakaa 70 kwa mzunguko uleule wa feni. Ukiiga mpangilio wao wa feni, wao watasema kimya kabisa na wewe utasikia jenereta. Ndiyo maana mimi sikuanza na feni, nilianza na prosesa.

Nilichukua prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 5600G. Ina grafiki ndani yake, kwa hiyo hakuna kadi ya pembeni yenye feni zake, na hakuna ule mlio mwembamba wa koili unaotoka kwenye kadi kubwa zikifanya kazi. Imeandikwa wati 65, lakini kwenye madabodi nyingi (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote) huachiwa kuvuta hadi wati 88 mzigo ukiwa mkubwa. AMD wenyewe wanaruhusu ishushwe hadi 45. Nikaingia bayosi, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, nikaishusha. Kutoa faili la dakika 30 kulichelewa kwa muda mdogo sana, sikumbuki hata sekunde ngapi, ila feni ilitulia kabisa. Kama mashine unayo tayari na hutaki kugusa bayosi, kwenye Windows ingia mipangilio ya umeme, sehemu ya prosesa, kiwango cha juu kitoe kwenye asilimia 100 ukiweke 99. Kwenye mashine nyingi hiyo asilimia moja huzima ule mruko wa kasi wa ziada, na joto linashuka papo hapo. Ni bure. Jaribu leo usiku kabla hujanunua hata skrubu.

Sasa feni. Hii hesabu nakuomba uisome mara mbili, kwa sababu nikiwa dukani Kariakoo kila muuzaji alinishauri kinyume chake. Feni ikipunguzwa kasi nusu, hewa inayosukuma hupungua nusu, lakini kelele yake hushuka kwa desibeli 15 hivi. Kushuka kwa desibeli 10 tu, sikio huhisi kama kelele imebaki nusu. Na feni mbili zinazofanana zikizunguka pamoja huongeza desibeli 3 tu juu ya ile moja. Sasa jumlisha: badala ya feni moja mbio kamili, weka mbili kwa nusu ya kasi. Hewa ni ileile, kelele imeshuka kama desibeli 12. Kwa hiyo unapoona mtu ana feni tatu kwenye kasha usidhani ana kelele mara tatu. Uliza zinazunguka mara ngapi kwa dakika.

Zangu ni tatu za sentimita 12, mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa, zote zina waya nne ili madabodi iweze kuzipunguza kasi vizuri. Zinazunguka kati ya mara 600 na 700 kwa dakika. Kwa kasi hiyo ukiweka sikio kwenye kasha unasikia pumzi, ukirudi kwenye kiti husikii kitu. Juu ya prosesa nimeweka hitisinki ya mnara, chuma kirefu cha kunyonya joto, yenye feni ya sentimita 12. Pima upana wa kasha kwa tepu kabla ya kununua mnara, maana mingi ina urefu wa milimita 150 hadi 160, na mimi kifuniko kiligoma kufunga kwa sababu ya ncha za mabomba ya shaba. Nilibadilisha kasha zima. Pesti ya joto, ile inayokaa kati ya prosesa na hitisinki, weka kama punje ya choroko, usipake kama siagi.

Kuhusu maji: kipoza-joto cha maji bado kina feni kwenye rejeta (sehemu ya kupozea maji, kama ya gari), na juu yake unaongeza pampu inayozunguka saa zote hata ukiwa unasoma barua pepe tu. Pampu ikikaa juu kuliko rejeta, hewa hukusanyika ndani yake na utasikia inabwabwaja. Kwa prosesa ya wati 45 ni kama kukodi lori kubebea ndoo.

Kitu kingine ambacho watu hawakigusi ni namna feni inavyopanda na kushuka. Sikio huzoea mvumo usiobadilika, lakini halizoei unaopanda na kushuka. Madabodi ikiachwa ilivyotoka kiwandani, ukifungua kurasa mbili tu joto linaruka sekunde moja na feni inaruka nalo, vuu, kisha inatulia, vuu tena. Ingia bayosi, sehemu ya feni, uipe muda wa kusubiri kabla ya kupanda. Mimi nimeweka sekunde kadhaa. Halafu nyoosha mstari: hadi nyuzi 65 feni isibadilike kabisa, baada ya hapo ipande polepole hadi mara 1000 kwa dakika kwenye nyuzi 80. Prosesa hii mpaka wake ni nyuzi 95, kwa hiyo 75 mwezi wa pili hainikoseshi usingizi. Na kama kuna kasi fulani ambapo kasha linaitikia feni kwa mvumo, iruke. Kwangu ilikuwa kati ya 900 na 950, kwa hiyo mstari wangu unapita hapo haraka.

Lakini kabla ya yote hayo, jua kwanza nani anapiga kelele. Mimi nililaumu feni miezi sita, kumbe mkosaji alikuwa "hadi diski" (hard disk), ile diski inayozunguka ya kuhifadhia mafaili. Chukua karatasi ngumu, ikunje iwe mrija, sikio upande mmoja, mwingine uupitishe karibu na kila kifaa. Feni za kasha unaweza kuzisimamisha sekunde chache kwa kubonyeza kidole kwenye kitovu chake, usiguse mapanga. Hadi diski yangu ilikuwa ya mizunguko 7200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde, na huo ndio mvumo wa hertz 120 niliokuwa nauona kwenye picha ya sauti kama mstari mnene kule chini. Diski yenyewe haikuwa na sauti kubwa. Ilikuwa inalitikisa kasha, kasha linaitikisa meza ya plaiwudi, na meza ikawa ngoma.

Dawa yake ilinigharimu sifuri. Nilienda kwa fundi baiskeli, nikaomba tyubu iliyochoka, nikakata mikanda minne, nikaitundika diski katikati ya nafasi yake bila kugusa chuma. Mvumo ukaisha siku hiyohiyo. Angalizo: ukiisafirisha mashine, itoe kwanza diski hiyo. Baadaye nilihamia SSD, hifadhi ya mafaili ambayo haina kinachozunguka, na diski ya zamani nimeitia kwenye kasha dogo la nje, naichomeka Jumapili kuhifadhi kazi za wiki. Ukinunua leo, anza na SSD moja kwa moja.

Pawa saplai, lile boksi linaloipa mashine umeme. Hapa nilifanya ujinga ambao sitaki uurudie. Ile ya kwanza ilikuja bure na kasha, imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, nyepesi kama boksi tupu. Feni yake ilikwaruza. Nikaamua kuifungua nibadilishe feni. Nilichomoa waya ukutani nikadhani imetosha. Ndani yake mna kapasita inayoshika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa, na bisibisi yangu iligusa pasipotakiwa. Cheche ilinirusha nyuma na ncha ya bisibisi ikayeyuka kidogo. Usiifungue. Nunua ya wati 450 au 550 yenye daraja la Gold (la kutopoteza umeme mwingi), ambayo feni yake husimama mzigo ukiwa mdogo. Mashine kama hii ikivuta sana haifiki wati 100, kwa hiyo feni ya pawa saplai yangu siijui hata ilivyo, haizunguki kabisa nikirekodi.

Kwa umeme wetu utahitaji UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, na UPS nyingi zina kelele zake. Nyingine zina feni, nyingine zinapiga "tak tak" umeme ukicheza. Zile za bei nafuu, umeme ukikatika hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na pawa saplai inaanza kuunguruma. Mimi nimeiweka yangu ukumbini, waya umepita chini ya mlango. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi nasimama tu. Kuku wa jirani nao huwa wameamka.

Mahali pa kuiweka mashine, toa mezani. Chini, upande wa pili wa chumba, juu ya kipande cha zulia au sandali mbili za zamani. Waya wa HDMI wa mita tano unatosha, na wa USB wa kawaida, yaani USB 2.0, nao unafika mita tano. Maiki kama ni ya kusikia mbele tu, elekeza mgongo wake kwenye mashine. Hilo peke yake kwangu lilifanya kazi kuliko feni za bei mbaya nilizoagiza.

Vumbi nalo. Nimevuta soksi ya nailoni mbele ya feni mbili zinazoingiza, kila baada ya wiki sita naitoa naifua. Kwa kuwa zinazoingiza ni mbili na inayotoa ni moja, hewa inatokea kwenye nyufa badala ya kuingilia humo, na ndani panabaki pasafi. Ukipuliza kwa blowa, shika mapanga ya feni yasizunguke, la sivyo utaharibu beringi na utaanza kusikia mkwaruzo ambao haukuwapo.

Usizitegemee programu za simu za kupima desibeli, kwenye sauti ndogo zinabahatisha. Tumia maiki yako ileile. Zima kila kitu, rekodi sekunde kumi za chumba kitupu. Washa mashine, bila kugusa kitufe cha sauti, rekodi kumi nyingine. Ile mtumba yangu ilinipa tofauti ya desibeli 14. Hii ya sasa ni 1, wakati mwingine siioni.

Kwa hela yako, mkuu: prosesa, madabodi, na ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 ambayo ni mbili za nane, si moja ya kumi na sita, kwa sababu grafiki ya ndani inategemea ramu. Halafu SSD na pawa saplai nzuri, vyote vipya. Kasha chukua lolote lenye wavu mbele, hata la mtumba, mradi linaingiza feni za sentimita 12. Feni ziwe za mwisho, na huenda usihitaji zote tatu.

Hizo rekodi mbili za sekunde kumi zifanye usiku huu kwa mashine uliyonayo, uziweke hapa pamoja na aina ya madabodi. Nikiziona nitakuambia kama ni feni au diski kabla hujatoa shilingi.