Mpwa Wangu Kaniuliza Anunue Bastola Gani

Mwaka 2019, kwenye choo cha mkahawa mmoja hapa Houston, niliisahau bastola yangu juu ya kasha la karatasi za chooni. Nikanawa mikono, nikalipa, nikaenda zangu kwenye gari. Ile kukaa tu kwenye kiti, nikahisi kiuno chepesi. Nilivyorudi mbio sitaki kukumbuka. Nikakuta mlango umefungwa kwa ndani, mtu yumo. Nikasimama pale nje nasikiliza maji ya bomba. Akatoka mzee mmoja wa Kimeksiko, akaniangalia usoni, akaniangalia kiunoni, akasema kwa Kiingereza cha polepole: iko palepale, sijaigusa. Dakika nne tu zilikuwa zimepita. Angeingia mtoto wa miaka saba badala ya yule mzee, leo ningekuwa nasimulia hadithi nyingine, na pengine kutoka mahali pengine.

Nimekumbuka hilo kwa sababu ya mpwa wangu wa Dallas. Mwaka huu kapata kadi yake ya ukaazi, ile ya kijani, na wiki chache baadaye akanipigia: "Shikamoo mjomba. Nataka bastola ya kutembea nayo. Ninunue ipi?"

Kila mtu huuliza ipi. Nimjibu haraka nimalizane na hilo: ya milimita 9, ya saizi ya kati, inayojaa mkononi bila kidole kimoja kuning'inia. Mimi nilianza na Glock 19, nzuri lakini nene kwa mtu mwembamba kama mimi, nikahamia Glock 43X, nyembamba zaidi. Akipenda Smith & Wesson Shield au SIG P365 sawa tu. Tofauti zao ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema. Aende uwanja wa shabaha, akodishe tatu, apige, achukue ile anayoipatia.

Swali ambalo hakuniuliza ndilo kubwa. Kutembea na bastola ni kama kutoka na mtoto mchanga. Hutoki tu ukaenda. Unafikiria utamweka wapi, nani atamshika, huko uendako wanamruhusu, utavaa nini, na huwezi kumwacha kwenye gari ukaingia sokoni. Ukichoka, bado ni wako. Siku nzima inapangwa kumzunguka yeye.

Sasa kwa nini ninatembea nayo? Nilikuwa zamu ya usiku kwenye duka la kituo cha mafuta, kusini-magharibi mwa jiji, si mbali na barabara ya Bissonnet. Mwaka 2016 wakaingia vijana wawili wamejifunika nyuso, mmoja akanielekezea mtutu. Nikafungua droo, wakabeba dola mia moja na ushee, wakatoka. Kama sekunde ishirini hivi. Wenzangu walisema, "Ungekuwa na yako!" Nimeliwaza sana hilo neno. Ningekuwa na yangu usiku ule, mikono iko juu ya kaunta, mtutu wake uko mita moja kutoka puani, ningekufa ninahangaika kupandisha shati. Kilichoniokoa ni kufungua droo.

Nilinunua kwa sababu ya kilichofuata. Nilikuwa nafunga duka saa saba usiku na kuvuka maegesho peke yangu. Usiku mitatu mfululizo gari moja lilikuwa linakaa kule mwisho, taa zimezimwa, watu wamo. Usiku wa nne halikuja, wala hakuna kilichotokea. Lakini ule ndio umbali ambao bastola inaweza kuwa na maana: mtu yuko mbali kidogo, umemwona, una sekunde kadhaa. Na hapo ndipo penye kichekesho chake, maana mwenye nafasi na sekunde kadhaa mara nyingi ana njia ya kurudi ndani na kufunga mlango. Texas tangu 2007 haikulazimishi kukimbia kwanza kama uko mahali unapostahili kuwa na si wewe uliyemchokoza. Mimi najilazimisha mwenyewe.

Kwa hiyo sababu yangu imebaki moja: mtu anataka kuniua au kuniumiza vibaya sasa hivi, na pa kupitia sina. Sheria ya hapa ina kifungu kinachoweza kumruhusu mtu kutumia nguvu ya kuua kulinda mali nyakati za usiku, na kuna watu wanakitamka kama aya. Mimi simuui mtu kwa ajili ya televisheni. Kutukanwa, kukatiwa foleni, kupigiwa honi, kuibiwa betri ya gari, hayo yote nayameza. Tangu nianze kutembea nayo ndiyo nimekuwa mtu wa kuomba radhi hata pale ninapokosewa, maana najua ugomvi wowote nitakaoingia, bastola imo ndani ya ugomvi huo tayari.

Na kuna watu nawaambia waziwazi wasinunue. Kama unakunywa kila wikiendi, acha. Kuwa nayo hadharani ukiwa umelewa ni kosa. Kama ndoa inawaka moto, acha. Hukumu ya kumpiga mwenzi, hata ile ndogo, inakuondolea haki ya kumiliki silaha kwa sheria ya taifa zima. Kama umepita kwenye giza la moyo, au nyumbani kuna aliyepita, tafadhali acha. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu waliojiua wenyewe. Sisi hatupendi kulizungumza hili, tunasema fulani "alikuwa na mawazo" tunafunga mada.

Halafu makaratasi, na hapa wenzetu wengi wanaumia. Mwenye kadi ya ukaazi anaweza kununua. Aliye hapa kwa viza ya mwanafunzi au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa vipengele vichache kama leseni ya uwindaji. Basi anakuja rafiki wa chuo: "Kaka, ninunulie kwa jina lako, nitakurudishia hela." Usithubutu. Fomu 4473 utakayojaza dukani inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na tangu 2022 kumnunulia mtu mwingine kwa hila kunaweza kukupa hadi miaka 15 jela. Na sisi ambao bado si raia tuna la ziada: kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kukurudisha nyumbani kwa ndege usiyoikatia tiketi. Fomu hiyohiyo inauliza kuhusu bangi, na inasema wazi kwamba hata kama jimbo lako limeihalalisha, serikali kuu haijaihalalisha.

Tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria anaruhusiwa kutembea na bastola Texas bila leseni. Mpwa wangu kanishangilia hilo kwenye simu. Nikamwambia chukua leseni hivyohivyo. Ni dola 40, darasa la saa nne hadi sita, mtihani wa kuandika, na risasi 50 kwenye shabaha kutoka yadi 3, 7 na 15. Ukipata asilimia 70 umepita. Faida yake huioni mpaka uangalie ramani: sheria ya taifa ya shule inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, karibu mita 300, na leseni ya jimbo ndiyo inayokuachia. Niambie mtaa gani wa Houston utaupita kwa gari bila kukaribia shule. Pia ukivuka kwenda Louisiana leseni yako inatambuliwa. California, Illinois na New York hawaitambui, na madereva wa malori wenzangu walijue hilo kabla ya kupakia mzigo.

Sasa ala, yaani mfuko wa kiunoni wa kuchomekea bastola. Hapa nitakaa kidogo, maana pesa nyingi zinapaswa kwenda hapa na watu huwa zimeshawaishia dukani. Ala yangu ya kwanza ilikuwa ya kitambaa, dola 15. Ukichomoa bastola, mdomo wake unalala kama soksi, na ukitaka kuirudisha lazima uupanue kwa kidole, yaani mkono wako mwenyewe uko mbele ya mtutu. Siku moja mkunjo wa kitambaa uliingia kwenye kifyatuo. Bastola ilikuwa tupu, nashukuru. Niliikata ile ala kwa mkasi jioni hiyohiyo ili hata mwingine asiiokote. Ala nzuri ni ya plastiki ngumu, inafunika kifyatuo chote, mdomo wake haufumbi, na inashika mkanda kwa nguvu. Mkanda nao uwe mnene, wa kazi hiyo, siyo ule wa suruali ya harusi. Bila mkanda imara bastola inainama nje kama mlevi, na utakuwa unaivuta juu kila baada ya hatua kumi, na kila anayekuona anajua.

Kuhusu mahali pa kuiweka, mwalimu wangu alisema "saa nne", akimaanisha uso wa saa ukiuzungusha kiunoni, kitovu kikiwa kumi na mbili. Mswahili mimi saa nne yangu mshale uko kwenye kumi. Nikaiweka mbele kushoto, darasa zima likanitazama. Alichotaka ni nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Inajificha vizuri hapo, ila ukiendesha gari saa tatu mfululizo mgongo utakueleza. Wengine huiweka mbele, kulia kwa kitovu. Inachomoka haraka, lakini mtutu unaangalia mahali ambapo mwanamume yeyote angependa usiangalie, na ukiinama inakuchoma tumboni.

Kuirudisha kwenye ala fanya polepole, shati limeshikwa juu, macho yanaangalia, kidole kimenyooka nje. Hapo ndipo watu hujipiga mapaja. Hakuna aliyewahi kupewa zawadi kwa kurudisha haraka.

Mavazi yetu nayo yana mambo yake. Kanzu haina mkanda. Utaniambia nivae suruali ndani, sawa, haya ichomoe sasa tuone. Siku ya Idi yangu inabaki kwenye sanduku nyumbani. Na sisi ni watu wa kukumbatiana. Kwenye harusi moja shangazi alinikumbatia, mkono wake ukatua palepale. Akaniuliza kwa sauti ya ukumbi mzima: "Baba, hii ni ngiri au nini?" Siku hizi kwenye shughuli za watu siendi nayo. Ukumbi umejaa watoto, mimi nabanana, kuna nini cha kulinda pale zaidi ya sahani ya pilau?

Kwenye milango soma mabango. Yana namba za vifungu vya sheria ya Texas: 30.05 inamwambia asiye na leseni ibaki nje, 30.06 mwenye leseni aliyeificha, 30.07 mwenye leseni aliyeibeba waziwazi, na lenye 51% nyekundu ni baa, usiingie nayo kabisa. Lakini "ibaki nje" isiwe chini ya kiti cha gari. Huko ndiko wezi wanakoziokota. Nunua kasha dogo la chuma lenye waya, lifunge kwenye mguu wa kiti, na uifungie kabla hujafika, siyo ukiwa maegeshoni watu wanakuangalia.

Begi la shabaha lisiwe begi la safari kamwe. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege Marekani walikamata bastola zaidi ya 6,700 kwenye mabegi ya mkononi, na wengi wa wenye mabegi husema walisahau. Sasa fikiria umesahau risasi moja tu kwenye mfuko wa pembeni, halafu unashuka nayo Dar.

Polisi wakikusimamisha: gari pembeni, taa ya ndani iwashwe, mikono juu ya usukani, usichokonoe popote kabla hajafika. Mwenye leseni ya Texas akiombwa kitambulisho anatakiwa aonyeshe na leseni ya bastola. Mimi huanza na "nina leseni ya kubeba, na bastola ninayo hapa, nifanye nini?" kisha nanyamaza, mikono palepale. Siusogelei hata mfuko mpaka aniambie. Tarehe 6 Julai 2016 huko Minnesota, Philando Castile alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Alikuwa na kibali. Aliuawa kwenye kiti chake, mchumba wake na mtoto wakiwa ndani ya gari, na mwaka uliofuata askari yule aliachiwa na mahakama. Sina maelekezo yatakayomhakikishia mtu mweusi kwamba atafika nyumbani. Nina haya tu, na kuna siku naiacha nyumbani kwa sababu ya safari ndefu ya usiku, wakati wengine wangeiacha nyumbani kwa sababu nyingine yoyote lakini siyo hiyo.

Nyumbani ni sanduku la namba, limefungwa kwa skrubu kabatini. Mtoto akiipata kwa uzembe wako, Texas inakushtaki wewe.

Mpwa nilimpa kazi. Anunue mkanda na ala kwanza, bastola iwe tupu, risasi ziwe chumba kingine, avae humohumo ndani ya nyumba kwa wiki mbili: apike nayo, afunge kamba za viatu, asali, akae kwenye kochi. Jumapili akanipigia.

"Mjomba, mgongo unauma."

"Endelea."

"Halafu nimegundua naenda chooni mara nyingi kuliko nilivyokuwa nafikiria. Kule unaiwekaga wapi?"

Nikamwambia: inabaki kwenye ala, ala kwenye mkanda, mkanda kwenye suruali, na suruali isishuke chini ya magoti.