Kabla ya Kuvuka Busia Kutafuta Dawa za Bei Nafuu

Hapa Kisumu watu huniuliza sana: eti dawa za presha ni rahisi Uganda, nipande matatu niende Busia, pale mpakani? Mimi huomba kwanza nione pakiti.

Mama yangu ana sukari na presha, na mimi ndiye ninayemnunulia dawa. Tunakosea tunapolinganisha nchi na nchi kabla ya kulinganisha dawa na dawa. Kwenye pakiti kuna majina mawili. Lile lililoandikwa kwa herufi kubwa ni la biashara. Lile dogo, mfano amlodipini au metformini, ndilo la dawa yenyewe, na pembeni yake kuna miligramu. Amlodipini ya kampuni iliyoivumbua na ile ya kiwanda cha India hutibu presha ileile, ila bei zake huachana mbali hata zikiwa rafu moja. Tena Kenya haina bei elekezi ya dawa madukani, kwa hiyo kila kemisti hujipangia. Mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, kisha uulize maduka matatu hapa mjini, ukihesabu bei ya kidonge kimoja. Mara nyingi safari ya Busia huishia hapo.

Si kwamba mpaka hauna maana. Sheria ya India ya 1970 iliwaachia viwanda vyake watengeneze dawa zilizovumbuliwa na wengine mradi watumie njia tofauti ya kuzitengeneza, hadi ilipobadilishwa 2005. Ndiyo maana mwaka 2001 Cipla, kampuni ya dawa ya India, iliweza kutoa ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, kwa takriban dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati zile za kampuni kubwa zilipita dola 10,000. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua mlango wa kuagiza dawa kutoka kule zinakouzwa kwa bei ya chini. Wangapi wetu wako hai kwa sababu hiyo! Nao Wamarekani huvuka kwenda Kanada kununua insulini, dawa ya sukari ya kudunga, kwa kuwa Kanada ina bodi ya kukagua bei za dawa zenye hataza (haki ya mvumbuzi kuzuia wengine kuitengeneza) tangu 1987.

Kwenye insulini nakusihi uwe macho. Jamaa yetu alimletea mama chupa kutoka India. Mfamasia akaigeuza, akatuonyesha maandishi: yuniti 40 kwa mililita. Zetu huwa 100, na sindano zetu zenye kifuniko cha rangi ya chungwa zimepimwa kwa hiyo 100. Ukivuta hadi alama ya 20 kwenye chupa ile, mgonjwa anapata yuniti 8 tu, na sukari inapanda huku kila mtu akiamini amedungwa sawasawa. Usitumie chupa ya nje bila mfamasia kusoma namba hiyo.

Na insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ukiinunua Busia, mwambie muuzaji akuonyeshe friji, na ubebe kibebeo chenye barafu, chupa isigusane na barafu yenyewe, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena.