Ruzuku ya pamba: ya kwetu na ya wenzetu zinalinganishwaje?

SWALI: Mhariri, nauza vitenge Kariakoo, na kaka zangu wanalima pamba Maswa. Wanapata mbegu na viuadudu kwa ruzuku, lakini nasikia mkulima wa Marekani hupata zaidi sana. Ruzuku hizi zinalinganishwaje? – Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kulinganisha mafungu ya bajeti peke yake hakutoshi. La kuuliza kwanza ni hili: bei ikianguka, hasara anaibeba nani?

Marekani, chini ya sheria ya kilimo ya mwaka 2002, iliweka bei lengwa ya senti 72.4 kwa ratili ya pamba nyuzi (iliyokwisha kutolewa mbegu), na soko liliposhuka chini ya hapo Serikali ilifidia sehemu kubwa ya pengo. Mkulima aliendelea kulima kana kwamba bei haijashuka, na pamba yake ikazidi kuishusha bei ya dunia, ambayo ndiyo inayoamua bei ya Maswa. Brazil ilishtaki mbele ya Shirika la Biashara Duniani na kushinda rufaa mwaka 2005. Shauri lilimalizika mwaka 2014 kwa Marekani kukubali kuilipa dola milioni 300. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilizolilalamikia jambo hilohilo tangu 2003, hazikuwemo katika malipo hayo, na kwangu huo ni uonevu.

China nayo huwafidia wakulima wa Xinjiang kwa bei lengwa, wakati India hutangaza bei ya chini kila msimu na shirika lake la umma hununua soko linapoporomoka.

Ruzuku yetu huja kabla ya mavuno. Inapunguza gharama za shamba, na hilo ni jema, ila mkulima akifika kwenye mizani ya chama cha msingi soko likiwa limeanguka, nafuu ile yote yaweza kumezwa siku hiyohiyo. (Angalia pia kwamba kwetu hupimwa pamba mbegu, ambayo nyuzi zake ni kama theluthi tu ya uzito, hivyo usiilinganishe moja kwa moja na bei za nje.)

Waombe kaka zako wakague stakabadhi zao: ikiwa gharama ya viuadudu inakatwa baadaye katika bei ya kila kilo, basi kiasi hicho ni mkopo, na hakistahili kuhesabiwa kuwa ruzuku.