Masikio ya Mpishi: Kwa Wanaoanza Kutafuta Metali Ardhini

Nilipostaafu upishi, miguu ilikuwa imechoka lakini masikio yalikuwa mazima. Nilikuwa nimeanza kutembea na kigunduzi cha metali zamani, siku za mapumziko, na mpaka leo sijakichoka. Wanaoanza huniuliza swali lilelile: ninunue mashine gani? Jibu langu huwaudhi. Hiyo uliyo nayo inatosha, mradi uisikilize.

Jikoni sikuwa na haja ya kuyatazama mafuta ili nijue yamepata moto. Tupia kitu chenye majimaji: mafuta ya vuguvugu yatanong'ona, yaliyopata moto yatapiga kelele. Kigunduzi nacho kina lugha yake. Koili, ile duara yenye waya iliyo mwisho wa fimbo, hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga huo ukikutana na metali huamsha umeme ndani yake, na umeme huo nao hutoa uga mdogo ambao mashine huunasa na kuugeuza sauti. Kwenye mashine nyingi chuma hulia kwa sauti nzito, fedha na shaba kwa sauti nyembamba. Namba za kwenye skrini zina msaada wake, ila kitu kikiwa chini sana zinayumba. Pitisha koili kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, halafu zunguka robo duara urudie. Sauti isipobadilika, chimba. Ikikatikakatika, mara nyingi ni msumari wenye kutu.

Nasema mara nyingi, kwa sababu mimi mwenyewe nilijiamini nikaumbuka. Nilikuwa nimeiwekea mashine isilie kabisa ikipita juu ya vile vishikio vya kufungulia makopo ya soda, maana nilishachimba vya kutosha. Siku moja mama mmoja akaniomba nimtafutie pete yake ya ndoa iliyodondoka kwenye majani. Nikapita mara tatu, kimya. Nimekunja hedifoni niondoke ndipo nikakumbuka kwamba pete ya dhahabu hulia karibu sawa na kile kishikio cha alumini. Nikafungua kichujio, yaani nikairuhusu mashine ilie tena kwa kila kitu. Ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Kwa hiyo miezi yako ya mwanzo usichuje karibu chochote. Utachimba takataka, tena nyingi, na masikio yatazoea.

Kabla ya hapo, fukia sarafu, msumari na kishikio cha kopo mahali unapopajua, kina cha vidole vinne hivi, ujizoeze. Koili iende taratibu, karibu na ardhi, bila kuinuka mwishoni mwa kila mpito kama bembea. Kila mpito ufunike sehemu ya ule uliotangulia. Wengi hukimbia, kisha husema uwanja hauna kitu.

Angalia pia chuma ulichovaa mwenyewe. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta kigunduzi chake kitafute risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Hakuipata, na inaaminika springi za kitanda zilichangia kumvuruga. Wewe kagua viatu vyenye chuma na koleo unaloliburuta karibu na koili.

Ruhusa ya mwenye ardhi ni lazima. Maeneo ya kihistoria usiyaguse, na usome sheria ya nchi uliyopo kabla ya kuchimba. Ziko nchi ambako hata kutafuta tu kunahitaji kibali. Kata udongo kama kifuniko cha sufuria, urudishe, ukanyage. Ukikuta kitu kinachofanana na bomu, usikiguse. Weka alama kwa mbali, uite polisi.

Halafu kuna suala la kusafisha, na hapa upishi uliniponza. Sarafu yangu ya kwanza ya zamani ilikuwa ya shaba, imefunikwa utando wa kijani. Mikono iliyozoea kung'arisha sufuria ikachukua siki, chumvi na kitambaa kigumu. Ikang'aa kweli, ila maandishi yakaondoka na ule utando, na mwaka haukusomeka tena. Siku hizi nasuuza kwa maji tu, sisugui, naacha ikauke yenyewe. Ile iliyong'aa naiweka kwenye mkoba wa kigunduzi. Anayeanza akiniuliza dawa ya kusafishia, namtolea hiyo.