Mrushaji wangu ndiye mpigaji wangu bora. Nimtumieje na DH?

SWALI: Habari za kazi, Mhariri. Nafundisha besiboli wanafunzi wa sekondari hapa Uyole, Mbeya. Kijana wangu wa miaka 16 nilimwandika mrushaji na pia mpigaji maalumu, yaani DH, anayepiga badala ya mrushaji. Awamu ya nne mkono ukachoka, nikampeleka kudaka mipira nyuma kabisa ya uwanja (uwanja wa nje) ili aendelee kupiga. Mwamuzi akasema nimepoteza DH na mrushaji mpya lazima apige. Kwani ile sheria ya Ohtani hainihusu?
Mwalimu wa michezo, Uyole

JIBU: Inakuhusu, Mwalimu, lakini mwamuzi alikuwa sahihi. Sheria hiyo iliingia ligi kuu ya Marekani mwaka 2022 kwa ajili ya Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha na pia kupiga. Mrushaji anayeanza mechi huku akijipigia mwenyewe huhesabiwa watu wawili. Ukimtoa kilimani, yaani pale anaposimama mrushaji, yule DH anabaki, ila anabaki benchi akisubiri gongo tu. Ukishamvalisha glavu na kumpeleka uwanja wa nje, amekuwa mchezaji wa uwanjani, na DH imekufa hadi mechi iishe. Yeye ataendelea kupiga kwa namba yake. Mrushaji mpya anarithi namba ya yule aliyempisha kijana uwanja wa nje. Kama huyo alikuwa wa tatu, basi mtoto ambaye hajashika gongo wiki nzima ndiye anapiga wa tatu. Inauma, maana ilitosha kuleta mrushaji mpya na kumwacha kijana akae benchi amevaa jaketi. Asingekosa hata zamu moja ya kupiga. Kurudi kurusha tu ndiko kusingewezekana.

Karatasi ya kikosi iwe na mistari kumi: tisa ya wapigaji kwa mpangilio, wa kumi wa mrushaji. Jina la kijana liandikwe mara mbili, kama ulivyofanya. Likiandikwa mara moja tu, hujataja DH, na katikati ya mechi huwezi tena kumtaja.

Kinga hii ni ya mrushaji anayeanza. DH akiitwa kuja kurusha baadaye, DH inakufa vilevile. Japani walilikubali hilo kwenye fainali ya World Baseball Classic 2023, mashindano ya timu za taifa: wakiongoza 3-2, walimleta Ohtani, DH wao, arushe awamu ya tisa, akaifunga mechi. Awamu ya mwisho hasara ni ndogo, kwa kuwa hakuna mrushaji mwingine wa kumfuata. Awamu ya tano usithubutu.

Halafu utunze huo mkono. Kwa miaka 15 na 16, mwongozo wa Pitch Smart, wa Marekani wa kulinda mikono ya warushaji vijana, unaweka kikomo cha mipira 95 kwa siku, na akifikisha 76 apumzike siku nne. Siku aliyorusha asidake nyuma ya mpigaji. Baridi ya Juni na Julai hapo Uyole hupoza misuli upesi, kwa hiyo akitoka kukimbia besi arushe taratibu kwanza kabla ya kupanda kilimani.

Mashindano mengine yana kanuni zao za DH. Muulize mwamuzi mkuu kabla hujakabidhi karatasi.